Mafuta yaliyopungua yamekwenda wapi?

Kwa shifti tatu za usiku mfululizo niliandika kwenye daftari maneno yale yale: "Mafuta ya boila yameongezwa." Si mafuta ya kuwashia moto, ni yale yanayozunguka ndani ya mabomba yakibeba joto. Shifti ya kwanza dumu moja la lita 20, ya pili dumu moja, ya tatu madumu mawili. Kila mara nilipanda ngazi hadi kwenye tenki la juu, nikatazama kioo cha kupimia, nikaona mafuta yameshuka chini ya alama, nikajaza. Nikashuka nikiamini nimemaliza kazi yangu.

Asubuhi ya siku ya nne alikuja kupokea zamu mzee aliyekuwa mkuu wetu wa boila. Nikamwamkia, akaitikia, akavaa miwani na kufungua daftari. Alikuwa na desturi ya kulisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, bila kuruka. Alipofika kwenye mistari yangu kidole kikasimama.

"Mwanangu," akasema, "haya yaliyopungua yamekwenda wapi?"

Nikamwambia huenda yamegeuka mvuke. Hakunikemea. Alinirudisha juu, akaniambia niweke kiganja kwenye tenki. Lilikuwa la vuguvugu tu, kama chai iliyosahaulika mezani. "Hapa ndipo mahali pekee yanapopata hewa," akasema, "na hapa yamepoa. Sasa niambie huo mvuke umetokea wapi."

Miaka mingi imepita tangu asubuhi ile, na nimehama viwanda viwili, lakini swali lile limekuwa ndilo kazi yangu yote. Naliandika hapa kwa ajili ya vijana wanaoingia kwenye vyumba vya boila za mafuta bila mtu wa kuwauliza.

Kilikuwa kiwanda cha mafuta ya kula, mjini Dar es Salaam. Mafuta ghafi ya kula hayawi masafi kwa kuchujwa tu. Hatua ya mwisho ni kuyaondolea harufu: yanaingizwa kwenye tenki lililonyonywa hewa karibu yote, yanapashwa hadi nyuzi za Selsiasi 220 na zaidi, wakati mwingine 260, na mvuke kidogo unapulizwa ndani yake ubebe kila kinachonuka. Moto wa moja kwa moja huwezi kuuweka chini ya tenki la namna hiyo, utaunguza mzigo. Unahitaji kitu cha kulibeba joto kutoka tanuruni na kulifikisha tenkini kwa upole. Kwetu kitu hicho kilikuwa mafuta mengine kabisa, ambayo si ya kula, yanayozunguka ndani ya koili, yaani bomba lililojisokota, iliyozama katikati ya mafuta ya kula.

Mafuta haya ni hamali. Yanaingia tanuruni, yanajitwika joto, pampu inayasukuma hadi tenkini, yanatua mzigo, yanarudi kuchukua mwingine. Usiku na mchana. Utayakuta kwenye mitambo ya kuchanganyia lami ya barabara, kwenye viwanda vya mbao za kubandika, vya nguo na vya rangi. Kule Ouarzazate, Moroko, kituo cha umeme wa jua kilichofunguliwa mwaka 2016 kinatumia mafuta ya aina hii yakiwa karibu nyuzi 400, yakipita ndani ya mirija mbele ya vioo vilivyopinda.

Kwa nini usitumie mvuke? Kwa sababu mvuke wa nyuzi 250 unadai shinikizo la karibu mara 40 ya hewa tunayovuta, na mabomba manene ya kulihimili. Mafuta yanafika nyuzi 280 yakiwa na shinikizo la pampu tu. Huo ndio utamu wake, na hapo hapo ndipo yanapotudanganya. Boila ya mvuke kila mtu anaiogopa: inapiga mluzi, vali yake ya usalama ikifunguka mtaa mzima unasikia, na mkaguzi anakuja nayo akilini. Mafuta yanapita kimya. Hayatetemeshi bomba, hayapigi kelele, na yakivuja hutoa tone moja, kisha jingine.

Wahenga walisema chururu si ndo ndo ndo. Mahali pengine pote nakubaliana nao. Kwenye bomba la mafuta ya nyuzi 270, hiyo ndo ndo ndo ndiyo chururu yenyewe.

Na hapa kuna jambo ambalo sikulijua siku ile, wala hakuna aliyekuwa amenieleza wakati wa kuajiriwa. Mafuta mengi ya madini ya kazi hii, yakiwa mapya, hutoa mvuke unaoweza kushika moto yakifika kama nyuzi 200 hivi. Sisi tulikuwa tunayazungusha kwenye 270. Yaani muda wote wa kazi yalikuwa yameshavuka kiwango chake cha kushika moto. Kilichoyazuia kuwaka ni kwamba yalikuwa ndani ya bomba, mbali na hewa. Ukuta wa chuma na gaskiti, ule mpira wa kuziba maungio, basi.

Tulianza kutafuta saa mbili asubuhi. Mzee alinitembeza kufuata bomba kutoka kwenye pampu. Hakutazama sakafu, alitazama mabati yanayofunika pamba ya kukinga joto. Kwenye kona moja, pale bomba linapopanda ghorofa ya pili, maungio ya bati yalikuwa na doa jeusi linalong'aa, kama karatasi iliyofungiwa sambusa. Nikasogeza pua. Ilinuka utambi wa kibatari kilichozimwa sasa hivi. Na juu ya doa, ukiangalia dhidi ya mwanga wa dirisha, kulikuwa na uzi wa moshi mwembamba kama unywele.

Mzee akasema tusiguse mpaka boila izimwe na kona ile ipoe. Akashuka kwenda kutoa amri hiyo. Mimi nilikuwa na koleo mkononi na shauku ya kurekebisha kosa langu. Nikakata ukanda wa bati na kulivuta.

Pamba ya ndani ilikuwa nyekundu. Haikuwa inawaka, ilikuwa nyekundu kimya kimya kama kaa lililofunikwa majivu. Hewa ilipoigusa ikawa kama umepunga kipepeo jikoni: ilichanua, ikageuka ya manjano, na moto ukatoka kwa urefu wa mkono wangu. Tone la mafuta lililokuwa likining'inia kwenye flenji, yaani maungio ya bomba yanayokazwa kwa bolti, lilinidondokea kwenye kifundo cha mkono wa kushoto, pale penye upenyo kati ya glavu na mkono wa shati.

Nimeyaelewa baadaye yaliyotokea mle ndani. Mafuta yakinywewa na pamba ya namna ile yanatandazwa kwenye maelfu ya nyuzi, utando mwembamba sana, na hewa inapenya kidogo kidogo. Yanaanza kuungana na hewa polepole na kutoa joto, na pamba, kazi yake ikiwa kuzuia joto lisitoke, inalitunza lote. Siku baada ya siku joto linapanda. Mafuta ambayo kwenye karatasi yake ya usalama yameandikwa kwamba hujiwasha yenyewe yakivuka nyuzi 350 yanaweza kuwaka ndani ya pamba kwa joto la chini sana ya hapo. Ukiifungua ingali moto unaipa pumzi iliyokuwa ikiikosa. Ndiyo maana inatakiwa kuachwa ipoe kwanza na bati lake, mitungi ya kuzimia moto ikiwa imeshaletwa na watu wameshaishika.

Kijana mwenzangu alikuja mbio na ndoo ya maji. Mzee, aliyekuwa anapanda ngazi, alisimama mbele yake akatandaza mikono miwili. Maji yakiangukia mafuta ya joto lile hayapati nafasi ya kuzima chochote. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke inadai nafasi ya lita kama 1,700, na inaidai papo hapo, ikirusha mafuta yanayowaka kila upande. Tulizima kwa poda, mitungi miwili. Mzee alizima moto wa boila, akafunga vali mbili za tawi lile lisiendelee kulishwa, na pampu akaiacha izungushe mafuta kwenye matawi mengine. Nitaeleza kwa nini aliiacha.

Mimi nilipelekwa bombani. Mtu mmoja akaleta dawa ya meno, mwingine akasema asali, wote kwa nia njema kabisa. Mzee aliushika mkono wangu chini ya maji ya kawaida, yasiyo ya barafu, akatazama saa ya ukutani, akasema dakika 20 na hatutoki hapa. Mafuta hayafanani na maji ya moto: maji yanateleza yakaenda zake, mafuta yanaganda kwenye ngozi na kuendelea kuunguza. Dakika 20 ni ndefu ukiwa na maumivu, na kuanzia ya tano unaona aibu kuwasimamisha watu. Simama. Kovu langu ni dogo kuliko sarafu, na daktari aliyelitazama alisema ni kwa sababu ya yale maji.

Flenji ile iliwekwa gaskiti mpya na haikuvishwa pamba tena. Iliachwa wazi, imefunikwa na kofia ya bati ya kukinga matone yasimrukie mtu, ili ikivuja ionekane. Vali zote za njia ile zikageuzwa shina lake lilale ubavu, zikilia matone yaanguke chini badala ya kuingia kwenye pamba. Pale ambapo kuvisha kulikuwa lazima tuliweka vigae vya povu la kioo, ambavyo havinywi mafuta. Kazi ya siku mbili. Nimeona viwanda vilivyojengwa kwa fedha nyingi ambavyo flenji zake zote zimefungwa pamba vizuri, zinapendeza, na kila nikiona hivyo kifundo cha mkono kinaniwasha.

Ningependa kusema mambo yaliishia pale. Mzee aliifinya ile pamba iliyotolewa, akaipima kwenye mzani wa stoo, akakaa na kalamu. Kisha akasema, "Hii haijanywa lita 80. Haifiki hata 30. Nyingine ziko wapi?"

Akadai jambo ambalo wakubwa hawakulipenda: uzalishaji usianze hadi koili iliyo ndani ya tenki la kuondolea harufu ipimwe. Kusimama siku moja ni hasara kubwa, na magari yalikuwa yamepanga foleni nje. Aliambiwa uvujaji umeshapatikana, anatafuta nini tena. Alikataa kuweka sahihi. Alikuwa mtu wa sauti ya chini na hakuipandisha hata siku ile. Alisema tu kwamba shinikizo ndani ya koili ni kubwa na tenki limenyonywa hewa, kwa hiyo koili ikitoboka, hata tundu la ncha ya sindano, mafuta ya boila yataingia kwenye chakula cha watu, na hakuna tone hata moja litakaloonekana sakafuni.

Nilipomuuliza baadaye alipata wapi msimamo ule, akanitajia Japani.

Mwanzoni mwa mwaka 1968, magharibi mwa Japani, kuku walianza kufa kwa wingi. Walikufa kama 400,000. Chakula chao kilikuwa na mabaki yatokanayo na usafishaji wa mafuta ya pumba za mpunga katika kiwanda cha Kanemi, mji wa Kitakyushu. Miezi ikapita. Kisha watu wakaanza kufika hospitalini, familia kwa familia: chunusi kubwa zisizopona, kucha na ufizi vimebadilika rangi, macho yamejaa tongotongo, ganzi, uchovu usioisha. Oktoba mwaka huo habari ikatoka hadharani. Wote walikuwa wamepikia mafuta ya kiwanda kile.

Ndani ya tenki la kuondolea harufu la Kanemi ilikuwamo koili kama yetu. Hamali wake alikuwa kemikali ya jamii ya PCB, iliyopendwa viwandani kwa sababu haishiki moto kirahisi na inavumilia joto. Walichagua kitu ambacho kingewakinga na moto. Koili ikapata vitundu, na kemikali ikaingia kwenye mafuta ya kula. Kibaya zaidi, ilikuwa imezungushwa kwenye joto la nyuzi zaidi ya 200 kwa muda mrefu, na sehemu yake ilikuwa imeshageuka jamii nyingine ya kemikali, dibenzofurani, zenye sumu kali kuliko yenyewe. Watu wapatao 14,000 walijitokeza na malalamiko, na zaidi ya 2,000 wametambuliwa rasmi kuwa wagonjwa. Wamo watoto waliozaliwa na dalili bila wao wenyewe kuonja mafuta yale. Wajapani waliuita Yusho, maana yake ugonjwa wa mafuta.

Mwaka 1979, miaka 11 baadaye, jambo hilo hilo likatokea Taiwan. Mafuta ya pumba za mpunga tena, PCB tena, watu karibu 2,000. Miongoni mwa waliougua ni wanafunzi na walimu wa shule ya watoto wasioona, waliokuwa wakila kutoka jiko moja. Kwa Kichina jina la ugonjwa lina maana ile ile.

Siwezi kusoma habari hizi kama historia ya mbali. Kila ninapofika kwenye kuku wa Kanemi nasimama. Kuku walitangulia kusema, na miezi ikapita kabla mtu hajaufuata mnyororo ule hadi kwenye bomba. Mafuta yalikuwa yametoka mahali na yamekwenda mahali, na swali la mzee wangu lingetosha kuyafuata.

PCB zimepigwa marufuku, na Mkataba wa Stockholm, ule wa kimataifa wa kuondoa kemikali za sumu zinazodumu, umeweka mwaka 2028 kuwa mwisho wa kuteketeza kwa usalama zile zilizobaki. Lakini zilitumika sana pia kwenye transfoma za zamani, na mafuta ya transfoma nayo ni hamali wa joto, yanalitoa kwenye waya na kulipeleka nje. Jirani zetu wa Kenya wamewahi kuhangaika na wezi wanaokamua transfoma na kuuza mafuta yake yakakaangie chipsi, kwa kuwa yanadumu kwenye karai kuliko mafuta ya kula. Hata transfoma isiyo na PCB, mafuta yake si chakula. Naomba anayesoma hapa na ana kibanda cha chipsi, au ananunua mafuta ya kupimiwa ambayo bei yake haielezeki, alifikirie hilo kwa makini. Na mapipa matupu ya mafuta ya boila yasiuzwe kwa watu wa kuhifadhia maji. Yanauzwa, nimeyaona, yameoshwa kwa sabuni ya unga na kuwekwa chini ya mfereji wa paa.

Kwa kiwanda cha chakula mimi ningechagua mvuke wa shinikizo kubwa, pamoja na ghali yake na kelele zake. Viwanda vingi vya nje vimeshakwenda huko. Mvuke ukivuja kwenye chakula, kilichoingia ni maji. Anayeng'ang'ania mafuta basi angalau atumie yale yaliyoidhinishwa kwa mitambo ya chakula, na apime koili kwa ratiba, si kwa kushtuka.

Koili yetu ilifungwa, ikajazwa nitrojeni, geji ikaangaliwa kuanzia jioni hadi asubuhi. Mshale haukusogea. Chakula kilikuwa salama. Mzee akamshukuru Mungu, akaweka sahihi, na lita zaidi ya 50 zikabaki hazina maelezo.

Aliyezipata hakuwa fundi. Mchana ule dada aliyekuwa akifanya usafi wa chumba cha pampu usiku aliitwa kulipwa posho, akatukuta tumekaa tunahesabu. Akauliza tunatafuta nini. Tulipomwambia, akashangaa. "Kaka, si yale ya chini ya pampu ya pili? Mimi nayafuta kila usiku. Nilidhani mnajua."

Akatupeleka nyuma ya chumba. Kulikuwa na mapipa mawili ya plastiki yamejaa matambara na vumbi la mbao, yote yamelowa. Sili ya pampu ya pili, kizibo cha pale mhimili unapoingia kwenye pampu, ilikuwa inatiririsha uzi mwembamba wa mafuta, naye, kwa sababu alikuwa mtu wa bidii, hakuacha doa hata moja. Kila asubuhi tulikuta sakafu inang'aa. Nilipita pale mara sita kila shifti na sikuona kitu, na yeye hakuna aliyewahi kumweleza kwamba kile anachokifuta ni habari. Tukagusa pipa moja kwa nje. Lilikuwa na joto, na hakuna aliyeliweka juani. Vumbi la mbao lililonywa mafuta hufanya kazi ile ile ya pamba ya bomba. Tuliyamwaga nje kwenye mchanga, tukayatandaza, na kuanzia siku ile mafuta yakimwagika yalifunikwa mchanga, na matambara yakaingia kwenye pipa la chuma lenye kifuniko, linalotolewa kila mwisho wa shifti.

Dada yule alianza kuhudhuria kikao cha kukabidhiana zamu. Mzee aliagiza hivyo, na kwenye kikao alimpa nafasi ya kuzungumza kwanza.

Nilisema nitaeleza habari ya pampu kuachwa ikizunguka. Kila mpika wali anaujua ukoko. Ukipunguza maji au ukiacha moto mkali bila kugeuza, wali ulioshikana na sufuria unakauka, unaungua, unageuka gamba. Mafuta nayo ni hivyo. Yale yanayogusana na ukuta wa bomba ndani ya tanuru yana joto zaidi kuliko yanayopita katikati, na kinachoyaokoa ni mwendo: hayakai pale. Mwendo ukipungua, au pampu ikisimama huku tanuru likiwaka, yanakatika. Sehemu moja inakuwa nyepesi na kushika moto kirahisi kuliko zamani, nyingine inakuwa nzito na kujenga ukoko mweusi ndani ya bomba. Ukoko unazuia joto lisiingie kwenye mafuta, chuma kinalibeba peke yake, kinakuwa chekundu, kinalegea. Siku kikitoboka, mafuta yanapulizwa moja kwa moja motoni. Hiyo ndiyo njia nyingine ya mafuta kupungua bila kuonekana sakafuni, na ishara zake ziko juu ya paa: joto la dohani linapanda wiki hadi wiki ingawa hujaongeza moto, halafu siku moja moshi unakuwa mweusi bila sababu.

Huku kwetu jambo hili lina uzito kuliko kwenye vitabu vilivyoandikwa nchi ambazo umeme haukatiki. Boila ya dizeli au gesi umeme ukikatika, moto unakufa pamoja na pampu. Lakini viwanda vingi vinachoma kuni, pumba za mpunga, maganda ya korosho, kwa sababu ni rahisi. Moto wa kuni hauna swichi. Umeme unakatika, pampu inasimama, na tanuru lina tani nzima ya kaa jekundu linaloendelea kupasha mafuta yaliyosimama. Pampu ya akiba inayoendeshwa na injini yake yenyewe, iliyojaribiwa kila wiki, mimi siihesabu kuwa anasa. Kama haipo, watu wawe wameshafundishwa kufungua milango ya tanuru na kuchota moto nje, wakiwa wanajua zana ziko wapi gizani. Na hata siku ya kuzima kwa kawaida, pampu inaendelea hadi mafuta yashuke karibu nyuzi 100. Kijana anayezima vyote kwa pamoja saa kumi na moja ili awahi daladala anapika ukoko kila jioni bila kujua.

Kuongeza mafuta kwenyewe, nako, ni jambo la kuogopa. Madumu yale manne niliyomimina yalitoka kwenye pipa lililosimama nje, mvuani. Maji ya mvua hukaa juu ya kifuniko cha pipa, usiku pipa linapopoa linavuta ndani, na maji yanapenya kwenye nyuzi za kizibo hata ukiamini kimekazwa. Pipa linatakiwa lilazwe, vizibo vikiwa usawa mmoja kushoto na kulia, chini ya paa. Maji yakifika kwenye mafuta ya nyuzi 270 ndani ya bomba, yanafanya kule ndani kile ambacho ndoo ingefanya pale kwenye kona: yanafutuka na kuyasukuma mafuta juu, tenki linatapika. Ukisikia pampu inagonga kama imemeza kokoto, shusha moto. Mafuta mapya hupandishwa taratibu na kuachwa kwenye nyuzi 100 na kidogo kwa saa nyingi, njia ya hewa ikiwa wazi, mpaka maji yote yatoke. Nilikuwa na bahati kwa shifti tatu.

Mzee amestaafu, yuko kwao Tanga. Katika kiwanda ninachofanya kazi sasa mimi ndiye ninayepokea daftari asubuhi. Nimeongeza safu mbili. Moja ni ya joto la mafuta wakati wa kusoma kioo, kwa sababu mafuta hufutuka: lita 100 za baridi zikifika nyuzi 280 zinakaribia 120, kwa hiyo kina kilichosomwa boila ikiwa imepoa hakilinganishwi na cha boila iliyo kazini, na watu wengi wameongeza mafuta ambayo hayakupungua. Safu ya pili ina kichwa cha maneno mawili: "Yamekwenda wapi?"

Mwezi uliopita opereta wa usiku, kijana ambaye hana hata mwaka, aliandika humo: "Lita 6. Sijui bado. Nimemuuliza dada wa usafi, nimepita flenji zote, nimepanda paa kuangalia moshi. Sijaongeza kitu." Mafuta kwenye kioo yalikuwa bado juu ya alama ya chini, aliweza kusubiri. Tulipata saa tano asubuhi: vali ya kuchukulia sampuli haikufungwa vizuri, ilikuwa inadondosha kwenye bomba la maji machafu, mahali ambapo tochi haifiki. Kijana alikuwa ameshamaliza zamu yake tangu saa moja. Alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya chumba cha boila, hajabadili nguo, anasubiri kujua.